Pedali ya Heshima

Watu wengine wakitafuta nyumba ya kupanga huuliza maji, wengine huuliza majirani. Mzee Mteremko aliuliza mteremko. Akialikwa harusini, hakuuliza nani anaoa wala kutakuwa na nini cha kula. Aliuliza ukumbi uko juu ya kilima au chini yake. Kinyozi aliyemnyoa tangu ujana wake mzee alimwacha siku ile tu kinyozi alipohamishia kiti chake kwenye barabara tambarare. Kinyozi mpya alimkata sikio mara mbili, lakini alikuwa mlimani, kwa hiyo akawa kinyozi bora.

Jina la Mteremko walimpa watu wa mtaani, maana pikapu yake haikuegeshwa ila pua ikiwa inatazama bondeni. Wenye midomo yao walisema ana kiapo. Wengine wakasema anaogopa wezi, ati gari likiwa mlimani ni rahisi kulikimbiza. Yeye aliwaacha waseme. Mtu mwenye siri hupenda sana uongo wa watu wengine, unamsaidia kazi.

Na siri yenyewe, jamani, ilikuwa hii: klachi ya pikapu ile ilikuwa imekufa. Ilikufa miaka saba iliyopita, na hakuna aliyejua kwamba haikutengenezwa isipokuwa yeye.

Kwa asiyeendesha gari, klachi ni kitu kidogo tu. Unakanyaga pedali ya kushoto, mafuta yanasukumwa kutoka pampu ndogo ya juu, yanapita kwenye bomba hadi pampu ya chini, na injini inaachana na magurudumu kidogo ili ubadilishe gia au usimame. Bila hiyo, injini na magurudumu hawaachani hata kwa dakika. Mmoja akisimama, mwenzake anazimika.

Iliharibikaje? Kwa kiburi, ndiyo ilivyoharibika. Asubuhi moja alikuta mafuta yamepungua kwenye kikopo cha klachi. Yanatakiwa mafuta ya breki, kila dereva anajua, na yeye alijua pia. Lakini alikuwa na kabati la milango mitatu mgongoni mwa pikapu, mwenye kabati anapiga simu, na chini ya kiti kulikuwa na dumu la mafuta ya injini. "Mafuta ni mafuta," alisema, akamimina. Wiki haikuisha, vile viraba vidogo vya kuzuia mafuta yasivuje ndani ya pampu vikavimba kama mkate uliosahaulika kwenye chai, pedali ikalegea, ikazama sakafuni na isirudi.

Aliipeleka kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye gereji. Shemeji alifungua kikopo, akachovya kidole, akanusa. Halafu akacheka. Hakucheka kistaarabu. Alicheka mpaka mafundi wakatoka chini ya magari manne kuja kuona kuna nini.

"Njooni muone!" alisema huku akijifuta machozi. "Dereva wa miaka thelathini ameikaanga klachi! Shemeji, ungeongeza na kitunguu!"

Sasa, kuna watu ukiwacheka nao wanacheka, mambo yanaisha. Mzee Mteremko si wa kundi hilo. Alifunga boneti, akasema hahitaji fundi, akawaomba wale wale waliomcheka wamsukume hadi barabarani, kwenye kijimlima. Pikapu ilipoanza kuserereka, akasikiliza injini, akaisukuma gia taratibu, nayo ikaingia kama ufunguo kwenye kufuli yake. Akaondoka zake bila klachi. Alirudi nyumbani akiwa amejiwekea kiapo kwamba gereji ile hatakanyaga tena, na pia amejitungia methali: klachi ni mkongojo wa dereva asiyejua kusikiliza.

Tumpe haki yake lakini. Alijifunza. Alijifunza kuisikia injini inapopanda na inapotulia, akajua ni wakati gani gia inakubali kuingia bila kulia. Miaka ikapita, akawa dereva laini kuliko wote waliobeba mizigo ya maseremala. Vioo vya meza za kujipambia havikupasuka mikononi mwake. Mteja akipanda mbele anasinzia. "Huyu mzee ana mguu wa dhahabu," walisema, wakiutazama mguu wake wa kushoto unavyopanda na kushuka kwenye pedali. Ule mguu, ndugu zangu, haukuwa unafanya kazi yoyote. Ulikuwa unagusa pedali mfu, kidogo tu, kwa heshima, ili abiria asiulize.

Kitu kimoja kilimshinda: tambarare. Mlimani anaachia breki, gari linaserereka, anatia gia, maisha yanaendelea. Kwenye tambarare inabidi azime injini, atie gia ya kwanza, kisha awashe ili stata, ile mota ya kuwashia injini, ilivute gari lote kwa nguvu zake, na stata ile ilikuwa imezeeka kuliko yeye. Alijaribu mara moja, barabara ya sokoni, saa nne asubuhi. Pikapu ilitikisika, ikakohoa, ikakata roho katikati ya njia. Ilisukumwa na wauza viatu sita. "Betri hiyo," aliwaambia. Tangu siku ile tambarare ikawa nchi ya wenyewe.

Bahati mbaya mkewe alifanya kazi katika nchi hiyo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa barabara ya chini, sawa kabisa kama meza. Kila asubuhi pikapu iliteremka mpaka kwenye duka la dawa, pale mteremko unapomalizikia. Mzee Mteremko anaitoa gia, anashika breki, injini inanguruma, anasema, "Haya mama watoto, tembea kidogo. Kutembea ni afya." Mkewe anashuka na mkoba wake wa vitambaa, na pikapu inakata kona kurudi njia ya mlimani. Kutoka duka la dawa hadi kibandani ni hatua mia nne na kumi. Fundi cherehani ni mtu wa vipimo, hawezi kupita mahali asipapime.

Miaka ya kwanza alizitembea akiimba. Halafu goti la kulia likaanza kuuma, likavimba, na zile hatua mia nne na kumi zikaanza kuwa na vituo: nguzo ya umeme, benchi la muuza magazeti, ukuta wa benki. Alimwambia mumewe. Mumewe akamnunulia dawa ya kuchua, ya bei kabisa, akamchua mwenyewe jioni kwa mikono yake, na asubuhi akamshusha pale pale.

Siku moja msusi wa kibanda cha jirani akamwambia kwa utani, "Dada, huyu mzee wako mbona hafiki mlangoni? Anaogopa kuonekana na wewe nini?" Wanawake wakacheka. Mke wa Mzee Mteremko akacheka pia, akarudi kwenye cherehani yake, akashona mfuko wa suruali juu chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi.

Neno lile lilimkaa. Alianza kukumbuka. Mwili wake uliongezeka mwaka gani? Mwaka ule ule alipoanza kushushwa njiani. Na mumewe, mbona ndiyo kwanza anapiga pasi mashati? Mtu akishataka kuumia, ushahidi hauchelewi. Aliuunga kipande kwa kipande mpaka akapata vazi zima, na vazi likamkaa vizuri sana.

Jumamosi moja mvua ilinyesha. Aliteleza karibu na benchi la muuza magazeti, akakaa chini matopeni mbele za watu, na vitambaa vya mteja vikatawanyika. Jioni alingoja mpaka walipomaliza kula.

"Kuanzia Jumatatu nitapanda pikipiki," alisema.

"Pikipiki? Na goti hilo? Kwa nini?"

"Pikipiki inafika mlangoni."

Mzee Mteremko alikunywa maji. Glasi ilikuwa tupu, lakini alikunywa.

"Miaka saba unanishusha njiani kama mzigo wa wizi," mkewe aliendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo, ndiyo maana ilitisha. "Kama unanionea aibu, niambie, baba watoto. Watoto wameshakua, wana nyumba zao. Mimi dada yangu ana chumba kitupu kule kwake, na kiko mtaa mmoja na kibanda changu. Sitakulaumu. Lakini nisikie kwa mdomo wako, nisisikie kwa wasusi."

Hapa palihitaji maneno mawili tu: klachi imekufa. Maneno mawili! Mtoto wa darasa la kwanza angeyasema. Mzee Mteremko aliyatafuta, akayapata, akayafikisha mpaka kwenye meno, halafu akamwona shemeji yake anajifuta machozi na mafundi wanatoka chini ya magari manne. Akayameza.

"Mimi nikuonee aibu wewe?" alisema, akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilitoka kama cha mtu aliyebanwa kidole. Mkewe alikusanya vyombo akaondoka. Usiku ule alilala ameupa ukuta uso, na mkoba wake mkubwa wa safari ulikuwa umeshushwa kutoka juu ya kabati.

Mficha maradhi kilio humuumbua, na Mzee Mteremko alikuwa ameanza kukisikia kilio. Jumapili asubuhi aliteremsha pikapu mpaka gereji ya shemeji yake. Gereji iko kwenye tambarare, na alijua wazi kwamba akizima injini mle ndani hatatoka tena bila kutengenezewa au kusukumwa. Alizunguka nje ya geti mara mbili kama mtu anayesahau anwani. Mara ya tatu akaingia, akazima, akabaki ameshika usukani.

Shemeji alikuja akijifuta mikono. Alikuwa ameota mvi, na miwani ilikuwa imefungwa kwa waya wa umeme.

"Karibu, shemeji. Umepotea."

"Klachi," alisema Mzee Mteremko, macho mbele.

Shemeji aliinama, akaibonyeza pedali kwa mkono. Ikazama bila ubishi. "Imeanza lini?"

"Siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku uliyocheka."

Shemeji akahesabu kwa vidole. Alipofika cha saba akavitazama kama vya mtu mwingine. "Umeendeshaje miaka yote hiyo?"

"Kwa masikio."

Mashavu ya shemeji yalivimba, midomo ikatetemeka, lakini hakucheka. Labda ni mvi zile. Alikwenda kuchukua spana.

Kazi ilichukua asubuhi nzima. Alizitoa pampu zote mbili, ya juu na ya chini. Viraba vilitoka laini na vyeusi, vikamegeka vidoleni. Akaliosha bomba mpaka likatoa mafuta meupe, akatia viraba vipya, akafunga kila kitu, akajaza kikopo mafuta ya breki. Alimwonyesha Mzee Mteremko chupa kwanza, asome mwenyewe maandishi. Ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye bomba, na hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja juu anakanyaga pedali, mwingine chini anafungua na kufunga skrubu.

"Nakanyaga," alisema Mzee Mteremko akipanda.

"Wewe shuka. Mguu wako umezoea kudanganya." Shemeji aliketi juu ya tairi. "Malipo sitaki hata senti. Mwite dada aje akanyage."

"Shemeji! Leo Jumapili, tena goti lake..."

"Goti bovu ni la kulia. Klachi ni mguu wa kushoto."

"Usinifanyie hivyo, ndugu yangu. Nakuomba."

"Basi isukume mpaka nyumbani. Mafundi wangu leo wamepumzika."

Mkewe alifika baada ya nusu saa, kitambaa cha kichwa kimemkaa upande, akidhani kuna ajali. Alimkuta mumewe mzima, amesimama kando ya mlango wa pikapu kama mwanafunzi aliyetolewa darasani, na miguu ya mdogo wake ikichungulia chini ya gari.

"Panda upande wa dereva, dada," ilisema miguu. "Nikisema kanyaga, kanyaga mpaka chini. Nikisema shikilia, usiachie. Nikisema achia, unaachia."

Alipanda. Kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kukaa kiti kile.

"Kanyaga!"

Akakanyaga, mguu ukaenda moja kwa moja. "Mbona kama nakanyaga hewa?"

"Ndivyo ilivyokuwa miaka saba. Shikilia. Achia. Haya shemeji, mwambie. Kanyaga!"

Mzee Mteremko alitazama geti. Lilikuwa wazi, lakini lilikuwa kwenye tambarare.

"Gari halina klachi," alisema. "Halikuwa nayo. Mimi ndiye niliyeiua, nilitia mafuta siyo, huyu akanicheka. Bila klachi siwezi kusimama kwenye tambarare nikaondoka. Ndiyo maana nakushushia duka la dawa."

"Shikilia!" ilisema sauti ya chini. "Achia."

Mkewe alimtazama. Mguu wake uliendelea kufuata amri, lakini uso ulikuwa umekwenda mbali, unakusanya miaka.

"Harusi ya mwanangu," alisema. "Tuliacha gari kilimani, nikatembea na viatu virefu mpaka ukumbini. Ulisema hakuna maegesho."

"Maegesho yalikuwepo."

"Kanyaga!"

Akakanyaga, safari hii kwa nguvu. "Ile nyumba yenye maji ndani, tuliyoikataa. Ulisema ina popo."

"Haikuwa na popo."

"Shikilia! Shikilia, dada, usivunje! Achia."

"Na mguu wako unaopanda na kushuka kila siku, kumbe unafanya nini?"

Alijibu kwa sauti ndogo sana. "Heshima tu."

Chini ya gari kulisikika mtu akikohoa kwa muda mrefu bila sababu.

"Bora ungekuwa na hawara," alisema mkewe, na machozi yakamtoka, yeye mwenyewe hajui kama ni ya hasira au ya kitu gani. "Hawara ningejua nywele za kung'oa. Sasa mimi nitapigana na pedali? Nimekaa mwaka mzima najitazama kwenye kioo cha wateja, najiuliza nimechakaa wapi. Kwa ajili ya kiraba!"

"Nilijionea aibu mimi," alisema Mzee Mteremko. "Wewe sijawahi. Hata siku moja."

"Kanyaga," ilisema sauti, sasa kwa upole.

Akakanyaga. Pedali ilikuwa imekaza, ikausukuma mguu wake kama inataka kusema kitu. "Imekuwa ngumu," alisema.

"Ndiyo imepona." Shemeji alitoka chini akiwa na chupa ya mafuta machafu. "Shuka, dada."

Mke alishuka, akapita mbele ya mumewe bila kumgusa. "Kesho nitaona," alisema. Nyumbani ule mkoba wa safari haukurudi juu ya kabati. Ulibaki mlangoni, mtupu bado, lakini mdomo wazi.

Jumatatu ikafika. Waliteremka kama kawaida. Walipokaribia duka la dawa, mke alishika kitasa cha mlango kwa mazoea, pikapu ikapita. Muuza dawa aliyekuwa akifagia alisimamisha fagio akalifuata gari kwa macho. Wakapita nguzo ya umeme, wakapita benchi la muuza magazeti, wakapita ukuta wa benki. Mzee Mteremko alikuwa anatokwa jasho shingoni. Kibanda kile pale, na msusi yuko nje na vitana vyake, na wauza viatu, na wateja wawili wa asubuhi.

Akapunguza mwendo, gia akaiacha ndani kama mtu mwenye klachi, akashika breki, na mguu wa kushoto ukafanya kile ulichofanya miaka saba: ukaigusa pedali kidogo, kwa heshima.

Lo! Pikapu iliruka kama mbuzi aliyechapwa, ikapiga kichwa mbele, ikapiga kichwa nyuma, ikabiringisha ndoo ya msusi hadi katikati ya barabara, ikazimika. Barabara nzima ikapasuka kwa kicheko.

"Mzee!" alipiga kelele msusi, ameshika mbavu. "Umeanza kujifunza lini?"

"Mguu wa dhahabu!" alidakia muuza viatu. "Leo umekuwa wa mbao!"

Ndicho hasa alichokikimbia. Kilimfuata miaka saba, milimani kote, kikamngojea hapa, mbele ya mlango wa mkewe. Masikio yalimwaka moto. Mkono ulienda kwenye ufunguo. Awashe, aondoke, hata kama ni kwa kurukaruka.

Mkono wa mkewe ukatua juu ya wake.

"Usiwashe," alisema. "Bado sijashuka."

Akajitazama kwenye kioo cha pembeni, akaweka sawa kitambaa chake kichwani, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Akamtazama msusi, akawatazama wauza viatu mmoja mmoja, na wale wateja wawili.

"Ngoja kwanza wamalize kutuona," alisema. "Haya. Sasa njoo unifungulie mlango."

Mzee Mteremko alizunguka mbele ya gari, kila mtu anamwona, wengine bado wanacheka. Akafungua mlango. Mkewe akaweka mkono begani kwake, akautegemeza mwili wote pale, akashusha mguu mzima kwanza, kisha ule wenye goti. Halafu akatembea kwenda kibandani kwake bila kumwachia, akihesabu hatua kwa sauti ili msusi asikie.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu."